Kujenga Hata Kumaliza

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hudhani analijua, nalo ni kujenga. Sitakawia katika habari za kuanza kujenga, maana kuanza twajua sote. Nataka kusema habari za kujenga hata kumaliza, yaani hata siku ile mlango unapofungwa kwa ufunguo, watoto wakaingia na kuketi, au mwenye nyumba akalala ndani mvua ikinyesha, asilowe.

Mkisafiri katika nchi yetu ya Tanzania mtaona mara nyingi, kando ya njia, kuta zilizosimama bila paa. Majani yameota ndani yake, na mbuzi hujikinga jua humo. Zamani neno boma lilikuwa na maana ya ngome, au makao ya mkuu wa serikali. Siku hizi likitajwa katika habari za shule na zahanati, maana yake ni kuta zilizoinuliwa kwa nguvu za wananchi, zikakomea kwenye lenta. Mtu apitaye husema, "Watu wa hapa ni wavivu." Lakini sivyo. Wavivu hawachimbi msingi. Boma ni kazi ya watu wenye bidii waliopotea njia katikati.

Wala msidhani nasema kama mtu aliyesimama mbali. Boma moja nalilijenga mimi.

Mwaka 2009 nalikuwa kijana, nimetoka chuoni na cheti changu, nikapelekwa kufundisha katika shule ya kijiji kimoja cha mlimani. Shule ile ilikuwa na madarasa saba na vyumba vinne tu. Watoto wa darasa la kwanza na la pili walisoma chini ya mwembe. Mvua ikija, walikimbilia barazani, na masomo ya siku ile yakawa yamekwisha. Wazee wa kijiji wakaona haya, wakaita mkutano, wakakata shauri kujenga vyumba vitatu. Nami kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nikafanywa karani wa kamati ya ujenzi.

Hamkupata kuona bidii kama ile. Wanaume walichimba msingi kwa siku nne. Wanawake waliteka maji mtoni. Vijana walifyatua matofali, wakapanga tanuru, wakayachoma. Kila nyumba ilitoa kadiri ya uwezo wake: huyu mahindi, huyu mbuzi, na bibi mmoja mjane, aliyelea wajukuu wawili waliosoma chini ya mwembe ule, alileta jogoo wake wa pekee. Nikamwuza sokoni, nikaandika katika daftari, "Jogoo mmoja," na bei yake.

Kuta zilipokuwa zikipanda alikuja mgeni mkubwa kututembelea. Akafurahi sana, akasema mbele ya watu wote, "Bati niachieni mimi." Wanawake wakapiga vigelegele. Nami usiku ule nikafungua daftari, nikaandika katika ukurasa wa mapato, "Bati za vyumba vitatu." Sikilizeni vema, maana hapo ndipo kosa langu lilipo. Naliandika ahadi mahali pa fedha. Kwa ajili ya mstari ule mmoja tulitumia kila senti iliyosalia kuinua kuta za chumba cha tatu, tukakaa kungoja bati.

Bati hazikuja. Huenda mgeni yule alisahau, huenda naye alikuwa ameahidiwa na mwingine. Sisi tulifika kwenye lenta mwezi wa Novemba 2010. Matofali yetu yalikuwa mazuri, lakini tulikuwa tumeyaunga kwa udongo, tukitumaini kwamba paa litaukinga. Masika ya mwaka 2011 yakaingia. Maji yakapenya kwa juu, yakashuka ndani ya ukuta, yakaulegeza udongo kati ya tofali na tofali. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili tulisikia kishindo. Asubuhi tukakuta ukuta mrefu wa upande wa mashariki umelala chini, na matofali yametapakaa mahali pale pale watoto walipozoea kucheza. Bahati yetu ilikuwa kwamba ulianguka usiku.

Watu walisimama kutazama, asiwepo wa kusema neno. Kisha bibi yule mjane akanijia. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Akazitazama zile kuta, akaniuliza pasipo hasira, "Mwalimu, mimi nilitoa jogoo. Jogoo wangu yuko wapi katika nyumba hii?"

Sikuwa na neno la kumjibu. Swali lile nimekaa nalo miaka yote hii, na kila nionapo boma njiani nalisikia tena.

Basi, mwaka mzima ulipita, hapana aliyetaka kusikia habari za ujenzi. Lakini watoto walikuwa bado chini ya mwembe, na mwaka 2012 tukakusanyika tena. Safari hii tulimwendea fundi mmoja mzee aliyekuwa amestaafu kazi, tukamwomba ushauri. Akatuuliza, "Mna bati ngapi?" Tukacheka, tukamwambia, "Mzee, hata msingi hatujachimba!" Akasema, "Basi msichimbe." Akatuambia tuhesabu nyumba kutoka juu kwenda chini: kwanza bati na misumari, kisha mbao za kenchi, kisha lenta, kisha kuta, milango na madirisha, kisha jamvi, na mwisho msingi. Tena akasema, kwa kila shilingi 10 tutakazohesabu tuweke 1 kando, maana bei ya saruji haimngoji mtu, wala mvua haina adabu.

Tulipomaliza hesabu tuliona kwamba fedha tuliyo nayo na tuliyo na hakika ya kuipata hazitoshi vyumba vitatu. Zatosha chumba kimoja. Wazee wengine walinung'unika, wakisema ni aibu kujenga chumba kimoja baada ya kutangaza vitatu. Fundi mzee akawajibu, "Chumba kimoja chenye paa ni shule. Vyumba vitatu visivyo na paa ni kichaka." Wakanyamaza, maana kichaka kile walikiona kwa macho yao.

Kosa hili la kujenga kupita haja na uwezo si la wanavijiji tu. Wafalme nao walilifanya. Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, juu ya mwamba unaotazama bahari, yako magofu yaitwayo Husuni Kubwa. Jumba lile lilijengwa mwanzo wa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, siku ambazo Kilwa ilikuwa na utajiri mwingi kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane. Lakini wataalamu walioyachimbua magofu yale katika miaka ya 1950 na 1960, wakiongozwa na Neville Chittick, waliona dalili kwamba jumba halikukaliwa muda mrefu, na kwamba huenda sehemu zake nyingine hazikumalizika. Mafundi wake walikuwa hodari wa kukata matumbawe na kuchoma chokaa. Hapana asemaye kwamba hawakujua kazi. Lakini ustadi wa fundi hauwezi kuziba pengo la hesabu.

Hilo ndilo neno la kwanza: jua haja yako, kisha hesabu mpaka mwisho. Neno la pili ni ardhi na kibali. Kabla ya kuchimba, ulizeni kiwanja ni cha nani, na jambo hilo liandikwe. Kisha mtazame kiwanja wakati wa mvua, msikitazame kiangazi tu, mjue maji hupita wapi. Shuleni kwetu tuligundua kwamba mahali pa zamani palikuwa ni njia ya maji yashukayo kutoka mlimani, tukahamia juu hatua 40, tukachimba na mfereji wa kuyageuza. Tena udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba iliyowekwa juu yake pasipo msingi wa kutosha hupasuka pamoja nao.

Ama kwa nyumba za ghorofa, kibali na mhandisi ni uhai wa watu. Wengine hudhani kibali ni karatasi ya kuwasumbua. Tarehe 29 Machi 2013, katika mji wa Dar es Salaam, ghorofa iliyokuwa ikijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi iliporomoka asubuhi, na watu 36 wakafa. Baadaye ilielezwa kwamba ghorofa zilizoinuliwa zilikuwa zimepita idadi iliyoruhusiwa. Na tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine la ghorofa lilianguka Kariakoo, katika mji ule ule, likaua watu zaidi ya 25. Nguzo iliyopimwa kubeba mzigo fulani hubeba mzigo ule. Ukiiongezea ghorofa juu, au ukiuchimbua udongo chini yake, haitakuambia kwamba imechoka. Huvunjika siku moja.

Neno la tatu ni mapatano. Katika ujenzi wa kwanza tulipatana na fundi kwa mdomo, tukampa nusu ya ujira wake siku ya kwanza, naye akaenda kujenga kwa mtu mwingine. Safari ya pili tuliandika mkataba. Ulisema kazi ni ipi, itaisha lini, vifaa ni vya aina gani, na fedha italipwa kwa hatua: msingi ukikaguliwa, malipo ya kwanza, kuta zikifika kwenye lenta, malipo ya pili, paa likipigwa, malipo ya tatu. Sehemu 1 katika 10 ilibaki mikononi mwetu miezi 6 baada ya kumaliza, ili nyufa na uvujaji wo wote utengenezwe kwanza. Msione haya kuandika mapatano hata na ndugu. Mkataba haumtukani mtu, humkumbusha.

Aina ya vifaa ni jambo la kuandikwa wazi, maana maneno matupu huficha mengi. Mathalani bati. Fundi akikuambia "bati nzuri," hujasikia kitu. Uliza ni geji ngapi, na mjue kwamba kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo bati lilivyo nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Watu wengi hudanganywa hapo, wakidhani namba kubwa ndiyo bora.

Neno la nne ni usimamizi na daftari. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Kazi iwe na msimamizi mmoja mwenye kutoa amri kwa fundi. Mwenyekiti, mwalimu na mzee wa kanisa wasije kila mmoja kwa saa yake na kumwambia fundi neno tofauti. Lakini fedha isikae katika mkono mmoja. Katika majengo ya umma yanayojengwa kwa kutumia mafundi wa mahali penyewe, desturi ya Tanzania ni kuwa na kamati tatu: ya manunuzi, ya mapokezi, na ya ujenzi. Anunuaye saruji siye aipokeaye, na aipokeaye siye aitumiaye. Mifuko 40 ikinunuliwa, mifuko 40 ihesabiwe mlangoni na watu wengine. Mali bila daftari hupotea bila habari; lakini daftari lishikwalo na mtu mmoja peke yake nalo hupoteza mali, tena kwa mwandiko mzuri.

Juu ya jambo hili nitawapa mifano miwili, mmoja wa zamani na mmoja wa karibu.

Wa zamani uko Unguja, mahali paitwapo Mkunazini. Baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa mahali pale pale siku ya Krismasi ya mwaka ule ule, na ibada ya kwanza ikafanywa ndani yake Krismasi ya mwaka 1877. Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, ambaye wengi wenu mwamjua kwa kazi yake katika lugha ya Kiswahili. Paa la kanisa lile halikupigwa boriti. Ni tao la zege, saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, nalo lasimama hata leo. Lakini husimuliwa kwamba Steere alipokuwa safarini, mafundi walizisimamisha nguzo kadhaa karibu na mlango kichwa chini, miguu juu, maana hawakupata kuona nguzo za namna ile. Aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Wageni wakizuru kanisa huonyeshwa nguzo zile. Mafundi hawakuwa wajinga, ila siku ile hapakuwa na mtu wa kuwaambia ipi ni juu na ipi ni chini.

Mfano wa karibu ni wa mwezi wa Oktoba 2021. Serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.3, na katika fedha hizo vilikusudiwa vyumba vya madarasa 15,000: vyumba 12,000 vya shule za sekondari, na 3,000 vya shule shikizi, yaani zile za watoto wakaao mbali. Kila chumba kilipangiwa shilingi milioni 20, na kazi ilitakiwa iwe imekwisha ili wanafunzi waingie Januari 2022. Nalipata kuitazama kazi hiyo katika shule za jirani. Yalikuwapo matatizo ya bei na ya mafundi kugombewa, walakini kuta ziliinuka na paa likafika. Kwa nini? Kwa sababu kiasi cha fedha kilijulikana kabla jembe halijagusa ardhi, siku ya mwisho ilijulikana, na ramani ilijulikana. Hapana aliyekuwa akingoja bati za ahadi.

Neno la tano ni vipimo, na hapa nataka wanafunzi wasogee karibu. Mwaniuliza darasani, "Mwalimu, hesabu hizi za pembetatu zitatufaa nini?" Haya, chukueni kamba. Mkitaka kujua kama pembe ya nyumba imekaa mraba, pimeni kutoka pembeni futi 3 upande mmoja, mtie alama. Pimeni futi 4 upande wa pili, mtie alama. Sasa pimeni kutoka alama hata alama. Ikiwa ni futi 5 kamili, pembe ni sawa. Ikizidi au ikipungua, sogezeni kamba hata ikae vema. Kisha pimeni nyumba nzima kutoka pembe hata pembe ya mshazari, mara mbili. Urefu uwe mmoja. Kosa la inchi 3 katika msingi hufika kwenye paa likiwa ni bati lisilofunika. Ukuta nao upimwe kwa timazi na pima maji kila kozi chache, usingoje uishe.

Ama zege, siri yake ni kwamba haligandi kwa kukauka. Hushikamana kwa sababu saruji na maji huungana kuwa kitu kimoja, na kazi hiyo huchukua siku nyingi. Kwa hiyo makosa mawili huliharibu. La kwanza ni kulitia maji mengi hata likawa kama uji mwepesi, kwa kuwa ni rahisi kulimwaga. Maji ya ziada yakitoka huacha matundu, na zege hukosa nguvu. La pili ni kuliacha jua kali lilikaushe. Limwagiliwe maji kwa siku 7 zisizopungua. Wahandisi hulipima nguvu yake baada ya siku 28. Tofali za saruji pia ni hivyo. Mtu akinunua mfuko mmoja akafyatua tofali mara mbili ya zinazostahili, haongezi tofali, anauza mchanga. Ukiliangusha tofali lake kutoka magotini likavunjika, basi hilo si la kubeba paa.

Hapo fundi mzee alitushangaza. Vijana walikuwa na haraka, wakataka kuondoa mbao za lenta siku ya tatu ili zitumike kwingine. Akachukua kiti chake, akaketi chini ya lenta ile, akasema, "Atakayeziondoa aniondoe mimi kwanza." Tukangoja. Msimamizi mwema ajua lini kusema "fanyeni," na lini kusema "ngojeni."

Sasa niseme kidogo na wewe ujengaye nyumba yako mwenyewe kwa mshahara mdogo au kwa mavuno. Hujengi kwa mwaka mmoja. Pengine wajenga kwa miaka 10. Si aibu. Lakini gawa kazi yako katika vituo, na kila kituo kiwe ni mahali ambapo nyumba yaweza kupumzika bila kuharibika. Msingi uliofukiwa na kumwagiwa jamvi waweza kungoja. Kuta zilizoungwa kwa udongo, zisizo na paa, haziwezi kungoja. Nondo zilizochomoza juu zikishika kutu mwaka baada ya mwaka, haziwezi kungoja. Ni heri ujenge vyumba viwili na kuviezeka, ramani ikiwa imekwisha kuonyesha vingine vitaungwa wapi, kuliko kuinua kuta za vyumba sita zikulie mali kila masika.

Neno la mwisho ni kupokea na kutunza. Siku fundi akikabidhi ufunguo, msikimbilie kuchinja mbuzi. Kwanza zungukeni na mkataba mkononi. Fungeni kila dirisha. Mwageni maji sakafuni mwone yaelekea wapi. Ingieni ndani mchana, mfunge mlango, mtazame juu: penye nuru ya jua ndipo mvua itakapopita. Andikeni kila kasoro. Kisha tengeni fedha kidogo ya kila mwaka kwa matengenezo. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ilisimama zaidi ya miaka 130, ikastahimili hata mizinga ya mwaka 1896. Lakini umri na kukosa matunzo ya kutosha viliidhoofisha, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati ikitengenezwa, sehemu yake kubwa ilianguka, watu wawili wakapoteza maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine hutawahi hata kuujenga.

Nirudi kijijini nimalize. Chumba chetu kimoja kilikamilika Februari 2013, kabla ya masika. Siku ya kukifungua tulisoma daftari zima mbele ya watu wote, mstari kwa mstari, kilichoingia na kilichotoka, na safari hii hapakuwa na ahadi hata moja katika ukurasa wa mapato. Mwezi wa Machi mvua kubwa ikanyesha wakati wa masomo. Watoto wa darasa la kwanza walitazama juu wakaogopa, maana hawakuzoea kusikia kishindo cha mvua juu ya bati wakiwa kavu. Kisha wakaanza kucheka, na mwalimu wao akalazimika kuandika ubaoni, kwa kuwa sauti yake haikusikika.

Bibi yule mjane alikuwa barazani, amekuja kumchukua mjukuu wake. Nikamwendea, nikamwamkia, nikamwambia, "Bibi, uliniuliza jambo siku nyingi zilizopita, nikashindwa kukujibu. Sasa sikiliza juu. Jogoo wako yuko pale." Akasikiliza kitambo. Akasema, "Mwalimu, huyu awika vizuri." Kisha akaniuliza, "Na vile vyumba viwili vilivyobaki, mmekwisha kuhesabu bati?"

Nikamwambia kwamba tumekwisha kuhesabu. Vilikamilika, kimoja mwaka 2014 na kimoja mwaka 2016.

Basi wasikilizaji wangu, ikiwa mnakusudia kujenga mwaka huu, shule au zahanati au nyumba zenu wenyewe, ketini kwanza na karatasi, mwulizane lile swali la fundi mzee: "Mna bati ngapi?" Kwaherini.